Kutu ya ngano: Jeni moja ikishindwa, mkulima hubaki na pampu mgongoni

Ngano inapoanza kutoa masuke katika nyanda za juu za Uasin Gishu, mkulima mwangalifu wa Yamumbi, au wa kijiji chochote kingine pambizoni mwa Eldoret, huingia shambani asubuhi umande ukiwa haujakauka na kuinamia mashina. Anachotafuta ni vidonda vidogo vya rangi ya matofali ambavyo vikikwaruzwa kwa ukucha huacha unga mwekundu kidoleni. Akiviona, ana siku chache tu za kuamua: anunue dawa na kulipa mtu wa kunyunyizia, au aliachie shamba bahati yake. Kutu ya shina ikiivamia mapema ngano isiyo na kinga, inaweza kufyeka zaidi ya asilimia 70 ya mavuno, na yapo mashamba ambayo hayaambulii hata gunia la kurudisha gharama ya mbegu.

Unga huo mwekundu ni spora, yaani vijichembe vinavyofanya kazi ya mbegu katika kuvu iitwayo Puccinia graminis. Kwa zaidi ya karne moja maradhi haya yalijulikana humu nchini kwa madhara yake kuliko kwa tabia yake. Lord Delamere alipojaribu kulima ngano Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, kutu ndiyo iliyomtia hasara, naye akalazimika kugharamia utafiti wa kuzalisha mbegu mpya. Sasa mambo yamegeuka. Wanasayansi wanaweza kutaja molekuli ambazo ngano hutumia kuitambua kuvu hii, na hata badiliko dogo katika jeni linaloifanya kuvu isitambulike tena. La kusikitisha ni jinsi maarifa hayo yanavyochelewa kufika ndani ya mfuko wa mbegu anaoununua mkulima mjini.

Ili kuona umuhimu wa maarifa yenyewe, ni vyema kuanza na namna kuvu inavyokua. Spora ya kutu ni dhaifu kuliko madhara yake yanavyoashiria. Ikitua juu ya mmea haiwezi kufanya lolote bila maji. Huhitaji umande wa saa kadhaa, kisha mwangaza na joto la wastani. Hali hiyo ndiyo hasa ya Uasin Gishu, ambako sehemu kubwa iko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku ni wa baridi na asubuhi jua huchomoza kwa nguvu. Spora ikipata maji hutoa uzi mwembamba unaotambaa ukitafuta kitundu cha kupumulia cha mmea.

Uzi huo hauna macho, hupapasa. Jambo hili lilidhihirishwa mwaka 1987 kwa kutu ya maharagwe, jamaa ya kutu ya ngano, ambayo si ngeni kwa yeyote anayechanganya maharagwe na mahindi shambani mwake. Watafiti walitengeneza nyuso bandia zenye vituta vidogo mno, wakagundua kwamba kituta chenye kimo cha nusu ya sehemu moja ya elfu ya milimita kilitosha kuuashiria uzi ule kwamba umefika mlangoni. Papo hapo ukuaji wake ulibadilika. Ncha iliacha kurefuka, ikavimba na kuwa kifundo, tayari kupenya ndani.

Katika kuvu nyingi zinazoshambulia mimea, ishara ya aina hiyo hupokezwa ndani ya seli kwa mlolongo wa protini zinazoamshana moja baada ya nyingine, mithili ya habari ya msiba inayopita boma hadi boma, mpaka ifike kwenye kiini cha seli. Huko jeni za ukuaji huwashwa au kuzimwa. Bila mlolongo huo, spora huota na kufa juu ya jani bila kumdhuru mtu.

Kutu iliyofaulu kuingia haiui seli za ngano mara moja. Inazihitaji zikiwa hai, kwa kuwa haiwezi kujilisha kwenye mmea uliokufa. Hivyo huingiza katika seli kinyonyio cha kufyonzea chakula, na kupitia hapo humimina protini nyingi ambazo kazi yake ni kuutuliza mmea usijihami. Mkulima anaweza kuona shamba la kijani kibichi lenye afya, kumbe chini ya ngozi ya shina sukari iliyokusudiwa punje imeshaanza kuibwa.

Ngano nayo ina walinzi. Jeni za kinga dhidi ya kutu ya shina hupewa herufi Sr na nambari. Nyingi kati yake hutengeneza protini inayokaa ndani ya seli ikisubiri protini moja mahususi ya kuvu. Ikiitambua, seli iliyovamiwa hujiua, na kuvu hubaki bila chakula. Mwaka 2022 wanasayansi walionyesha kwa picha jinsi mlinzi mmoja, Sr35, anavyofanya kazi: nakala tano za protini hiyo, kila moja ikiwa imeikamata protini ya kuvu, huungana kama gurudumu na kufungua njia inayoruhusu kalsiamu kuingia kwenye seli. Hiyo ndiyo amri ya kifo.

Udhaifu wa mpango huu ni kwamba mlinzi huyo anajua sura moja tu. Mnamo Desemba 2017 makundi mawili ya watafiti yalitangaza kwamba yamezipata protini za kuvu zinazotambuliwa na Sr35 na Sr50. Katika ile ya Sr35 iligunduliwa kwamba kuvu hukwepa kukamatwa pale kipande kidogo cha DNA chenye tabia ya kuhamahama kinapojichomeka katikati ya jeni na kuiharibu. Kuvu haikujifunza silaha mpya. Iliacha tu kuvaa vazi ambalo mlinzi alilizoea, na kwa kuwa ilikuwa na mavazi mengine mengi, haikupungukiwa na kitu.

Afrika Mashariki iliyaonja hayo kabla ya maabara kuyaeleza. Mwaka 1998 mtafiti wa Uganda, William Wagoire, aliona katika kituo cha Kalengyere, kusini magharibi mwa nchi hiyo, kutu ya shina ikistawi juu ya ngano yenye Sr31. Jeni hiyo, iliyotolewa katika mmea wa rai ulio jamaa ya ngano, ilikuwa imelinda mashamba katika mabara kadhaa kwa miongo mingi hivi kwamba baadhi ya wataalamu walidhani kutu ya shina imekwisha. Kuvu hiyo ilipewa jina Ug99, kutokana na Uganda na mwaka 1999. Punde ikavuka mpaka na kuingia Kenya, ikafika Ethiopia mwaka 2003, Yemen 2006 na Iran 2007. Norman Borlaug, mshindi wa Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 1970, alifika Nairobi mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 91 kuzionya serikali kwamba dunia imelala.

Chimbuko la Ug99 lilieleweka miaka 20 baada ya kupewa jina, na maelezo yake yanatia wasiwasi. Kila seli ya kutu ina viini viwili. Ilidhaniwa kwamba aina mpya hatari huzaliwa ama kwa mabadiliko ya polepole katika jeni, ama kwa uzazi unaofanyika juu ya kichaka cha jamii ya berberi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kiini kimoja cha Ug99 ni sawa na kile cha ukoo wa kutu uliokuwapo kusini mwa Afrika kwa miongo mingi kabla yake. Kwa maneno mengine, nyuzi za kutu mbili tofauti zilikutana, zikabadilishana viini, na mzao wake akaibuka na urithi mpya bila kupitia uzazi wa kawaida. Maadamu aina mbalimbali za kutu zinaishi pamoja katika mashamba ya eneo hili, hakuna anayeweza kuahidi kwamba mabadilishano kama hayo hayatatokea tena.

Mazingira ya Kenya yanayafanya yawezekane zaidi. Ngano ya Uasin Gishu haipandwi wala kuvunwa wakati mmoja na ile ya Narok, Nakuru au Timau, kwa hiyo karibu kila mwezi wa mwaka kuna mahali nchini ambapo kutu inapata shina bichi. Katika nchi za baridi kali theluji huua sehemu kubwa ya spora kila mwaka. Hapa upepo huzihamisha tu kutoka kaunti moja hadi nyingine.

Matokeo yake yameshaonekana mara mbili, na mara zote mbili waliolipa ni wakulima. Mwaka 2006 iligunduliwa nchini aina ya ukoo wa Ug99 iliyoishinda jeni ya Sr24. Mwaka uliofuata ikaivamia mbegu ya KS Mwamba iliyotegemea jeni hiyo, ambayo wakati huo ilikuwa imepandwa katika karibu asilimia 30 ya eneo la ngano la Kenya. Miaka michache baadaye wakulima wakaletewa Robin, mbegu yenye mazao mengi iliyopendwa upesi. Kinga yake ilikuwa jeni nyingine, SrTmp. Mwaka 2014 zikapatikana humu nchini aina mpya za ukoo ule ule zinazoishambulia. Majina ya mbegu yalibadilika, lakini mpango ulikuwa mmoja: mlinzi mmoja mlangoni, akishahongwa nyumba nzima i wazi.

Si haki kusema kwamba watafiti wa Kenya walilala. Ruth Wanyera na wenzake katika kituo cha Njoro, kilichokuwa chini ya KARI na sasa kiko chini ya Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO), walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufuatilia safari ya Ug99 katika eneo hili. Tangu mwaka 2005 kituo hicho kimekuwa mahali ambapo mataifa mengi hutuma mbegu zao zipandwe katikati ya kutu kali zaidi duniani ili ionekane zipi zitabaki zimesimama. Maelfu ya aina hupitia hapo kila mwaka. Ni huduma kubwa ambayo Kenya imeupa ulimwengu, na ingefaa itajwe mara nyingi zaidi kuliko inavyotajwa.

Eldoret nayo ina sehemu yake. Katika Chuo Kikuu cha Eldoret, kilichokuwa bewa la Chepkoilel la Chuo Kikuu cha Moi, kundi lililoongozwa na Profesa Miriam Kinyua lilitumia njia tofauti. Badala ya kutafuta jeni ya kinga na kuihamishia katika ngano, lilishirikiana na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki (IAEA) katika mradi ulioanza mwaka 2009, ambapo mbegu zilipigwa miale ili jeni zake zibadilike ovyo, kisha watafiti wakachagua kwa subira mimea michache iliyostahimili kutu. Mwaka 2014 Kenya iliidhinisha mbegu ya Eldo Ngano 1 iliyotokana na kazi hiyo. Mbegu iliyobuniwa kilomita chache tu kutoka Yamumbi ilikuwa jibu kwa kuvu iliyowashinda matajiri wa dunia.

Hata hivyo, mbegu moja, hata ikiwa bora kiasi gani, haiondoi kanuni iliyoiangusha KS Mwamba. Kinachopendekezwa na wataalamu ni kuweka walinzi kadhaa katika mmea mmoja, kwa hesabu rahisi: kuvu inayoweza kupoteza protini moja kwa bahati ina nafasi finyu mno ya kupoteza nne au tano kwa mpigo. Mwaka 2021 watafiti walitangaza kwamba wamefaulu kuziunganisha jeni tano za kinga katika furushi moja na kulipandikiza kwenye ngano, nayo ikahimili aina nyingi za kutu katika majaribio. Mbegu hiyo ni ya vinasaba vilivyobadilishwa. Serikali ya Kenya iliondoa mnamo Oktoba 2022 marufuku iliyowekwa kwa vyakula vya aina hiyo mwaka 2012, lakini uamuzi huo ulipelekwa kortini, na haitakuwa busara kwa mkulima kupanga msimu wake kwa kuitegemea.

Ipo njia nyingine isiyohitaji jaji. Baadhi ya jeni, zikiwemo Sr2, Sr55 na Sr57, haziui seli wala hazisubiri protini moja mahususi. Hupunguza tu kasi ya ukuaji wa kuvu katika mmea uliokomaa, hivyo vidonda huwa vichache na vidogo. Sr55, kwa mfano, ni badiliko katika protini inayosafirisha sukari. Jeni moja ya aina hii haitoshi kuokoa shamba, ila nne au tano zikikusanywa kwa uzalishaji wa kawaida, huku vipimo vya DNA vikitumika kuthibitisha kwamba zote zimo, kinga yake hudumu. Haina mvuto wa muujiza na haitangazwi kwenye maonyesho ya kilimo. Ndiyo, hata hivyo, iliyo na matumaini zaidi kwa nchi ambayo mkulima hubadilisha mbegu kwa nadra, na wengi hupanda punje walizozihifadhi wenyewe au kununua kwa jirani.

Pasipo mbegu kama hizo, kinachobaki ni dawa. Nyingi ya zile zinazotumiwa dhidi ya kutu ni za jamii ya azoli, na zenyewe hulenga molekuli moja. Kuvu hujenga utando laini wa seli zake kwa kutumia ergosteroli, kama mwili wa mwanadamu unavyotumia kolesteroli. Azoli huziba kimeng'enya kinachohitajika kuitengeneza, kiitwacho CYP51, na ukuaji husimama. Dawa hizo hufanya kazi, tena vizuri, zikinyunyiziwa mapema. Mkulima anayesubiri mpaka shamba ligeuke jekundu, au anayepunguza kipimo ili chupa moja itoshe ekari mbili, hulipia dawa na bado hupoteza ngano. Mbaya zaidi, huwa ameziacha hai zile kuvu chache zilizostahimili kipimo kidogo.

Suala hili halikomei shambani. Flukonazoli na itrakonazoli, zinazotolewa hospitalini kwa wagonjwa wa kuvu wakiwemo watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, ni azoli pia, na hulenga kimeng'enya hicho hicho. Mwaka 2014 watafiti waliripoti kwamba wameikuta katika udongo wa Tanzania kuvu ya Aspergillus fumigatus, inayoshambulia mapafu ya watu wenye kinga hafifu, ikiwa sugu kwa azoli kadhaa. Mojawapo ya mabadiliko yaliyobainika ni kurudiwa kwa kipande cha herufi 34 za DNA mbele ya jeni ya kimeng'enya hicho, pamoja na badiliko moja ndani ya jeni yenyewe, hivyo kuvu hukitengeneza kwa wingi na dawa hukishika kwa shida. Mabadiliko ya aina hii yamehusishwa katika nchi mbalimbali na matumizi ya azoli katika kilimo. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipotoa Oktoba 2022 orodha yake ya kwanza ya kuvu 19 zinazohitaji kupewa kipaumbele, Aspergillus fumigatus iliwekwa katika kundi la hatari kubwa zaidi.

Hakuna anayemlaumu mkulima kwa kuokoa mazao yake. Lakini ni wazi kwamba kila mara mbegu inapoanguka kwa sababu ya jeni moja, gharama hugawanywa kwa njia ambayo haikupangwa na yeyote: sehemu kwa mkulima anayenunua dawa, sehemu kwa mgonjwa ambaye pengine hajawahi kuona shamba la ngano, na sehemu kwa taifa. Kenya huagiza kutoka ng'ambo zaidi ya robo tatu ya ngano inayotumia. Kwa miaka mingi imewaruhusu wasagaji kulipa ushuru wa asilimia 10 badala ya 35 unaotozwa na Jumuiya ya Afrika Mashariki, ili bei ya mkate isipande. Mlaji hukingwa hivyo. Anayelima Uasin Gishu hushindana na ngano hiyo ya nje akiwa amebeba pia gharama ya kunyunyizia.

Kuna hatua moja ambayo haihitaji maabara mpya wala mkopo kutoka ng'ambo. Mfuko wa mbegu humwambia mkulima jina la mbegu na kiwango cha kuota. Haumwambii ni jeni zipi za kinga zilizomo, ingawa wazalishaji huzijua kwa mbegu nyingi. Jambo hilo laonekana dogo mpaka mtu akumbuke mwaka 2007. Majirani kumi wanaweza kupanda mbegu za majina matatu wakidhani wamegawanya hatari, kumbe zote zinamtegemea mlinzi yule yule. Maafisa wa kilimo wa kaunti wangeweza kuwa na orodha hiyo mezani kabla ya upanzi wa Mei na Juni, pamoja na taarifa kutoka Njoro kuhusu jeni zilizoshindwa msimu uliotangulia, na kuisoma katika mabaraza na redio za Eldoret kwa lugha wanazozungumza wakulima wenyewe. Taarifa za Njoro tayari husafiri hadi kwa watafiti wa ng'ambo. Yamumbi iko karibu zaidi.